Usukani mzito? Anza na upepo wa matairi

Kabla ya safari ya Desemba kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, familia nyingi hukagua mafuta, maji ya rejeta na vitafunwa vya watoto. Tairi hupigwa teke moja, na likionekana gumu, safari inaanza.

Teke halipimi upepo. Tairi linaweza kupungukiwa upepo mwingi na bado likaonekana limejaa.

Hili ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Gari hugusa barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Dereva anapozungusha usukani au kukanyaga breki, gari hutii kupitia hapo.

Matairi ya mbele yakipungua upepo, usukani huwa mzito na gari huchelewa kuitikia kwenye kona. Pia tairi hujikunja kupita kiasi, hupata joto na linaweza kupasuka. Upepo ukipungua upande mmoja, gari huvutia upande huo. Ukizidi, tairi hushika lami kwa sehemu ndogo ya katikati, na gari hurukaruka kwenye mashimo.

Je, ujaze kiasi gani? Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kinaonyesha kipimo cha mbele na cha nyuma, na wakati mwingine cha gari lililojaa abiria na mizigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, si kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana joto la mwendo huongeza kipimo.

Uchaguzi wa tairi nao una uzito wake. Tairi pana kuliko lililokusudiwa linaweza kuongeza uzito wa usukani na kufuata mifereji ya malori kwenye lami. Tairi za mhimili mmoja zifanane kwa saizi, aina na uchakavu. Ukinunua mbili mpya, watengenezaji wengi hushauri zifungwe nyuma, ili gari lisiteleze mkia kwenye mvua.

Kwa wanaonunua tairi za mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzuri wakati mpira umekwisha zeeka na kupasukapasuka.

Tairi likipasuka njiani, usikanyage breki ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, nyoosha gari, ondoa mguu taratibu kwenye mafuta, kisha liegeshe likishapungua mwendo.

Kama upepo uko sawa na gari bado linavuta upande, mpeleke fundi aangalie alaimenti, breki na miguu ya mbele kabla ya safari. Pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, na usisahau tairi la akiba.