Hakimiliki na Matangazo ya Kale katika Vitabu vya Sajili

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umeandaa mswada wa isimujamii unaotaka kuuchapisha kwa gharama zako. Ukifika kwenye sajili ya matangazo ya biashara, unatamani kumpa mwanafunzi mifano halisi ya zamani: sabuni, majani ya chai, baiskeli. Nilifanya hivyo. Nilinakili tangazo la mwaka wa 1968 kutoka gazeti kuukuu, nikaamini kwamba uzee wake ni ruhusa tosha. Nakala 500 zilikuwa karibu kutiwa jalada mpiga chapa aliponiuliza idhini iko wapi. Ukurasa ule uliondolewa, na hasara ikawa yangu.

Kosa langu lilikuwa kuliona tangazo kama kazi moja. Lichanganue jinsi unavyolichanganua darasani: kuna maneno, kuna mchoro, pengine kuna picha ya kamera, na kila kimoja kina muda wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, picha ya kamera hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma mara ya kwanza, kutegemea lililotokea baadaye. Picha iliyopigwa na kuchapishwa 1968, basi, ulinzi wake ulikoma mwishoni mwa 2018. Maneno na mchoro ni tofauti, kwani miaka 50 huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka alipofariki mtunzi. Akiwa alifariki 1985, kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2035. Mtunzi asipojulikana (na matangazo mengi hayana jina la mtu), hesabu huanzia mwaka wa kuchapishwa. Akija kujulikana, hurejea kwenye kifo chake.

Mwenye haki naye si lazima awe mchoraji. Kazi ikiwa iliagizwa, au ilifanywa na mwajiriwa kazini, haki huchukuliwa kuwa ya aliyeagiza au ya mwajiri, isipokuwa walikubaliana vingine. Kwa hiyo iandikie kwanza kampuni yenye bidhaa, kisha gazeti. Kimya chao usikihesabu kuwa idhini.

Sheria huruhusu kunakili kwa haki kwa ajili ya uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Tangazo lililo kando ya maelezo yako kuhusu takriri, chuku na lugha ya kushawishi lina utetezi. Lililotiwa kwenye jalada ili kitabu kivutie halina. Tena alama ya biashara yaweza kusajiliwa upya kila miaka 10 bila kikomo. Usiitumie ikamfanya mnunuzi adhani kampuni ndiyo iliyokifadhili kitabu.

Nawe mtahiniwa, usitishike. Sajili yenyewe haina mwenyewe. Kinacholindwa ni tangazo fulani lilivyotungwa. Ukiagizwa kuandika tangazo, buni bidhaa yako na jina lake. Katika toleo langu la pili nilibuni sabuni isiyouzwa popote, na wanafunzi wawili wakaniuliza inapatikana duka gani.