Mizani ikiguswa, shujaa huachwa

Nilikwenda Garsen kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko, nikamkuta mwanawe ameketi peke yake chini ya mwarobaini, simu imezimwa mapajani. Kijana huyu namjua vizuri. Alasiri ikiingia, kwa kawaida huwa na wenzake wanne kwenye baraza ya duka, vichwa vimeinamia simu, na makelele yao husikika hata pale yanaposimama mabasi ya Malindi. Siku hiyo makelele yalikuwako, lakini yeye hakuwamo. Nafasi yake ya tano ilikuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni? Mmegombana?"

"Hatukugombana, mjomba. Wamempunguza shujaa wangu."

Nikaketi kando yake, nikamwomba anifahamishe, maana mimi ni mtu wa kalamu na michezo ya simu nimeikuta ukubwani. Alinieleza hivi. Mchezo wao huchezwa mtandaoni, watano kwa watano. Kila mmoja huchagua shujaa, na kila shujaa ana kazi yake: yuko mwenye ngao akaaye mbele kupokea mapigo, yuko apigaye kwa mbali, yuko mvamizi apitaye msituni kuotea adui, na yuko mganga awaponyaye wenzake. Mpwa wangu kwa miaka miwili alimshika mvamizi mmoja tu. Alizijua mbinu zake zote, hata watu wa mbali wasiomjua kwa sura walimjua kwa mchezo wake.

Kisha usiku mmoja wenye mchezo wakaleta marekebisho. Pigo kubwa la shujaa yule likapunguzwa nguvu kidogo, na muda wa kungoja kabla hajalitumia tena ukaongezwa sekunde mbili. Asubuhi vijana wakasoma tangazo. Adhuhuri haijafika, wakamwambia mwenzao: "Huyo hatumtaki tena. Chukua mwingine, au mpishe mwenzio." Palikuwa na mashindano madogo Malindi mwisho wa mwezi, na nauli walikuwa wamekwisha changa.

Nilikaribia kucheka. Sekunde mbili! Nikamtupia methali ya wazee, kwamba mchagua jembe si mkulima. Akaitazama ile njia ya kwenda mtoni, akanijibu kwa adabu: "Mjomba, hapa kwetu hata jembe hufuata ardhi."

Neno hilo lilinifunga mdomo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelelewa katika mizani. Chuoni, tukiwa watoto juu ya jamvi, mwalimu alitufundisha kwamba herufi ya kuvutwa harakati mbili haivutwi tatu, na ya sita haikatizwi kwa nne. Ukikosea kipimo kidogo hicho, fimbo ilikuwa karibu. Nilipokuja katika utunzi nikakuta sheria ileile: kipande cha mizani minane kikipata wa tisa, sikio la mjuzi hushtuka. Basi kwa nini mtu kama mimi azicheke sekunde mbili?

Hebu tutazame jinsi jambo hili lifanyavyo kazi. Shujaa akiwa na nguvu kupita wenzake, kila mtu atamtaka, na mchezo wenye mashujaa makumi utakuwa mchezo wa mashujaa wachache. Kwa hiyo wenye mchezo hulazimika kuigusa mizani kila mara. Ule uitwao League of Legends, kwa mfano, hurekebishwa takriban kila majuma mawili. Lakini ukimgusa mmoja umewagusa wengi. Mvamizi akidhoofika, yule mpigaji wa mbali aliyekuwa akimwogopa hupata pumzi. Mpigaji akinawiri, mwenye ngao wa kumzuia hutafutwa. Na mwenye ngao akitafutwa, upande wa pili nao hutafuta wa kuvunja ngao. Marekebisho ni ya mtu mmoja, na waliohama ni kumi.

Zaidi ya hayo iko hofu. Mpwa wangu alinihakikishia kwamba shujaa wake bado angeweza kushinda. Wenzake hawakungoja kuona. Walijua kwamba wengine watamwacha, nao wakamwacha mapema wasichekwe.

Kisa kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha mchezo wa Overwatch wa kampuni ya Blizzard ya Marekani, uliotoka mwaka 2016 ukichezwa na watu sita kila upande. Mwezi wa Machi 2018 aliingizwa shujaa mpya, Brigitte, binti mwenye ngao na rungu la mnyororo, ambaye huwaponya walio karibu naye kila anapompiga adui. Vikosi vikagundua kwamba wakingaji watatu na waganga watatu wakitembea pamoja kama ukuta, hakuna awezaye kuwavunja. Washambulizi, ambao ndio waliopendwa na watazamaji, wakakosa kiti kabisa. Blizzard wakapunguza hapa, wakaongeza pale, ukuta haukuanguka. Mwishowe, katikati ya mwaka 2019, wakaweka sheria: kila kikosi kiwe na wakingaji wawili, washambulizi wawili na waganga wawili, wala si vinginevyo. Na mchezo wa pili ulipotoka Oktoba 2022, wachezaji wakawa watano na mkingaji akabaki mmoja. Wale waliokuwa wakingaji wa pili katika vikosi vyao wakatafuta kazi nyingine.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya simu na kompyuta tu. Katika kandanda, mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: mshambulizi aliyekuwa akihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa akatosheka na wawili. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao yakaruka kutoka 1,192 msimu mmoja hadi 1,703 msimu uliofuata. Arsenal walipochapwa 7-0 na Newcastle Oktoba mwaka huo, Herbert Chapman alimrudisha sentahafu nyuma awe beki wa tatu, na yule sentahafu wa zamani, aliyezunguka uwanja mzima kama mwenye nyumba, akaanza kutoweka. Halikadhalika mwaka 1992, kipa alipokatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, makocha wakaanza kutafuta makipa wajuao kutumia miguu.

Tofauti nionayo mimi ni katika nani ashikaye mizani. Sheria za kandanda zina baraza lake, lililoundwa mwaka 1886, nalo hukutana kila mwaka na kutangaza mabadiliko kabla ya msimu. Mizani ya ushairi tumeirithi, na anayetaka kuivunja hubishana nasi hadharani. Waliolisoma gazeti miaka ya sabini wanakumbuka mjadala wa mashairi huru. Lakini mizani ya mpwa wangu imo mkononi mwa kampuni ya ng'ambo, na yeye huamka akakuta imekwisha guswa.

Na hili watu wa mto Tana wanalielewa bila kufundishwa na simu. Wapokomo wa huku chini walipanda mpunga kwa kufuata mafuriko: mashimo yaliyojaa maji yakawa ya mpunga, kingo zilizoinuka zikawa za migomba na miembe. Bwawa la Masinga lilipomalizika mwaka 1981, na la Kiambere mwaka 1988, yote mawili mbali sana juu ya mto, mafuriko ya huku yakabadilika. Mkulima wa Garsen hakuulizwa. Hata hivyo ni yeye aliyebaki na jembe mkononi, akiamua upya apande nini na wapi. Ndiyo maana lile jibu la kijana lilinichoma.

Usiku ule, baada ya chakula, nilimkumbusha Fumo Liyongo. Huko si mbali. Ozi na Kipini, mahali mto uingiapo baharini, watu bado humtaja kama jirani. Kijana alidhani nataka kumsimulia habari ya sindano ya shaba. Kweli nilianza nayo, kwa kuwa Liyongo hakuumizwa na silaha yoyote ila sindano hiyo kitovuni, na bila sindano asingekuwa na kisa. Wazee wetu nao walijua kupima shujaa. Ila nilichotaka hasa ni habari ya gereza. Liyongo alikuwa bingwa wa upinde. Alipofungwa, upinde ulikuwa mbali na miguu ina pingu. Akatunga maneno, akaomba ichezwe ngoma ya gungu, na vishindo vya ngoma vilipopanda akazikata pingu kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate wa wishwa na kijakazi Saada. Mpiga mishale alitoka gerezani kwa ushairi.

Kijana akanyamaza kitambo. Kisha nikamweleza na lile la mwaka 2019: mchezaji mmoja wa kikosi cha San Francisco Shock, aliyesifika kwa ushambulizi, alikubali kumshika mkingaji aitwaye Zarya ukuta ulipotawala. Mwaka huohuo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Overwatch, na kikosi chake kikawa bingwa.

"Basi nitashika mganga," akasema. "Wenzangu wote hukimbia kazi hiyo."

Sikumsifu sana, kwani kumwacha shujaa uliyemzoea miaka miwili si jambo dogo, na nilimwona anavyoitazama ile picha yake kabla ya kuigeuza. Asubuhi yake alirudi barazani. Baadaye alinipigia simu: walikwenda Malindi, wakashinda mechi ya kwanza, wakatolewa ya pili. Na yule mvamizi wake, akaniambia akicheka, watu wameanza kumrudia polepole baada ya kuona kwamba hakudhoofika kama walivyoogopa. "Nawe umemrudia?" nikamwuliza. "Siku nyingine namchukua yeye, siku nyingine mganga. Hutegemea wenzangu wanataka nini, mjomba."

Nami nikamtumia beti hii moja kwa simu:

Mwana usishike moja, ukasema limetosha,
Kesho chaweza kuvuja, chombo kilichokuvusha,
Wenzio wanakungoja, njoo nawe kuwavusha,
Na Liyongo alingoja, ngoma ikamtorosha.