Kompyuta Inaposahau: Kupima RAM na Kubadilisha Vipuri vya Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani inapoanza kujizima ghafla, kuonesha skrini ya buluu yenye maandishi ya kosa, au kupiga milio mfululizo bila picha kutokea, wazo la kwanza la mwenye nayo ni kuifunga kwenye boksi na kuipeleka mjini. Kwa mkazi wa Mgeta safari hiyo si ndogo. Kutoka Nyandira au Langali hadi barabara kuu pale Sangasanga ni mteremko wenye kona nyingi, na kutoka hapo ungali na mwendo hadi Morogoro mjini. Kuna nauli, kuna siku nzima inayopotea ilhali karoti na kabichi zinangoja kuvunwa, na mara nyingi fundi husema iache, urudi wiki ijayo. Tumeandika maelezo haya ili mlaji ajue anachoweza kukipima mwenyewe, na ajue la kuuliza pindi atakapolazimika kushuka.

RAM ni kumbukumbu ya muda. Diski ni ghala. RAM ni jamvi ambalo mkulima humwaga juu yake mazao anayoyachambua sasa hivi. Umeme ukikatika, kilichoko jamvini hupotea, kilichoko ghalani hubaki. Jamvi likiwa na tundu, mazao huvuja bila mpangilio, na ndiyo sababu RAM mbovu haina tabia moja: leo programu ya kuandikia inajifunga, kesho picha iliyohifadhiwa jana haifunguki, keshokutwa Windows inakataa kusakinishwa.

Si kila ugonjwa ni wa RAM, hata hivyo. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila unapowasha, kinachohitajika ni betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, ambayo gharama yake ni ndogo mno. Kompyuta ikijizima baada ya kupata joto, kagua kwanza vumbi kwenye feni. Na ikiwa ni nzito tu lakini haitoi makosa, haijaharibika.

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili muhimu kwenye fleshi: hesabu za kikundi, barua, kazi za wanafunzi. Usifute yale ya awali. RAM mbovu inaweza kuharibu nakala wakati wa kunakili, kwa hiyo fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe ni nzima.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mdsched, kisha ukubali kompyuta ijiwashe upya. Ipo pia programu iitwayo MemTest86, yenye toleo la bure, ambayo huwashwa kutoka kwenye fleshi na hupima kwa undani zaidi. Iache ifanye kazi kwa saa kadhaa, hata usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, usilichukulie kuwa dogo: RAM nzima haitakiwi kuonesha kosa lolote.

Hatua inayofuata ni kufungua kava. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma tupu cha boksi ili umeme tuli ulioko mwilini usiunguze vipuri. Fungua vibanio vya pembeni, toa kibao cha RAM kwa kushika kingo zake, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, kisha kirudishe ukikisukuma hadi vibanio vilie. Kama vibao ni viwili, pima kimoja kimoja katika sloti ileile. Kinachotoa makosa kikiwa peke yake ndicho kibovu. Vyote viwili vikitoa makosa, jaribu sloti nyingine, kwa maana huenda tatizo liko kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi.

Tunasisitiza hatua hii kwa sababu ya milima ya Uluguru yenyewe. Mtikisiko wa barabara unaweza kulegeza RAM na waya za ndani, hivyo kompyuta iliyopona mezani kwa fundi inaweza kufika nyumbani ikiwa mgonjwa tena, na fundi hana kosa. Vilevile, kompyuta iliyotoka kwenye baridi na ukungu wa Mgeta ikiingia ghafla kwenye joto la mjini hupata umande ndani. Isiwashwe mara moja. Ipewe saa moja au zaidi.

Ukienda kununua, beba kibao cha zamani. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani: pengo katika safu ya meno limewekwa mahali tofauti, na kulazimisha ni kuvunja. Kwa kompyuta za mezani DDR3 ina meno 240, DDR4 na DDR5 zina 288; za mpakato ni fupi zaidi, na baadhi ya kompyuta mpakato RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi, haibadilishwi. Uliza pia kiwango cha juu ambacho mazabodi yako inapokea. Windows ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hivyo kuiongezea RAM ni kutupa fedha.

Kwa maoni yetu, kompyuta nzima lakini nzito yenye diski ya kuzunguka hunufaika zaidi na SSD kuliko na RAM, iwapo tayari ina GB 8. Lakini pima umri wake kwanza. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, pamoja na mengine, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta isiyokidhi masharti hayo inaweza bado kutumia Linux, ambayo ni ya bure.

Fundi akikuambia mazabodi imekufa, mwombe kwa heshima aiwashe mbele yako kwa RAM nyingine iliyo nzima. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kukuepusha kununua kompyuta mpya.

Dai risiti inayoonesha aina ya kipuri, ukubwa wake, kama ni kipya au kimetumika, na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, ikiwemo kumuuzia kilichotumika kwa jina la kipya. Kipuri kikikataa, rudi kwanza kwa muuzaji na risiti yako. Asipokusikiliza, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Vipuri vilivyotolewa ni mali yako, virudishiwe. Diski ya zamani hasa usiiache dukani, kwani mafaili yako bado yamo ndani yake hata kama yamefutwa.