Makazi Yetu Yalivyoundwa, na Haki ya Ardhi Iliyotokana Nayo

Ili kuielewa migogoro ya mipaka katika Kata ya Kisaka, yafaa kwanza kujua jinsi makazi yetu yalivyoundwa.

Zamani Wangoreme waliishi katika miji iliyotawanyika: mzee mwenye mji, wake zake, wanawe na zizi la ng'ombe. Katika karne ya 19, kwa kuwahofu wavamizi wa mifugo, baadhi ya makazi yalizungushiwa kuta za mawe. Ardhi ilijulikana kwa ukoo. Mpaka ulikuwa mti, kijito au jiwe walilolikumbuka wazee.

Mwezi Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni hiyo ilizikusanya familia pamoja ili zifikiwe na huduma. Wengi waliacha mahame ya baba zao. Wengine walipokea majirani wapya katika ardhi ya ukoo.

Je, uzao wa aliyehama waweza kuidai ardhi iliyoachwa? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 15, imethibitisha kuwa halali ugawaji uliofanyika vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kuzikomesha haki zilizotangulia juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo, mahame ya babu peke yake si sababu ya kumwondoa jirani aliyegawiwa wakati huo.

Hata hivyo, ugawaji mwingi hukumbukwa kwa mdomo tu. Ndiyo maana wananchi wanahimizwa kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, mipaka huhakikiwa pamoja na majirani, kisha hati husajiliwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Mume na mke waweza kuomba kwa pamoja. Kifungu cha 20 hubatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hivyo mjane asiondolewe shambani kwa kisingizio cha desturi.

Pakitokea mgogoro, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwamo wanawake 3, husuluhisha. Mwenye shauri amwone Mtendaji wa Kijiji chake mapema, wakati wazee waijuao mipaka wangali hai.