Je, Wajua? Maarifa ya Jamii Katika Sekondari za Japani

Je, wajua kwamba Maarifa ya Jamii ya Japani yalitanguliwa na marufuku? Tarehe 31 Desemba 1945, majeshi ya Washirika yaliyoikalia nchi baada ya vita yalisimamisha masomo ya Maadili, Historia na Jiografia. Miezi michache kabla ya hapo, wanafunzi waliamriwa kushika brashi na wino na kufuta kwa mikono yao mistari iliyotukuza vita katika vitabu vyao.

Je, wajua kwamba somo jipya lilianza Septemba 1947, miezi minne tu baada ya Katiba mpya kuanza kutumika? Wizara ya Elimu ilichapisha kijitabu cha kuieleza Katiba hiyo, nacho kikawa kitabu cha mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini. Watoto waliokulia vitani walielezwa kwa lugha nyepesi kwamba mamlaka ya nchi sasa ni ya wananchi.

Leo, katika sekondari ya chini, somo hilo lina fani tatu, na vipindi 350 vya dakika 50 kwa miaka mitatu: Jiografia 115, Historia 135, Uraia 100. Mwalimu huhitaji leseni moja tu kuzifundisha zote.

Je, wajua kwamba mpangilio huo huitwa kwa herufi ya Kigiriki π? Miguu miwili ni Jiografia na Historia, zinazokwenda sambamba mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu humalizia vipindi 40 vya Historia, kisha Uraia hukaa juu kama paa. Huu ni utaratibu wa busara, kwani Uraia hujengwa juu ya Historia. Kwa mfano, wanawake wa Japani walipiga kura ya ubunge kwa mara ya kwanza Aprili 1946. Kijana asiyejua hilo atajadili vipi haki ya kura?

Je, wajua kwamba Jiografia huanza na dunia, si na Japani? Afrika ni miongoni mwa kanda sita za dunia zinazosomwa, na mwanafunzi huifikia kabla ya kuichambua mikoa ya nchi yake.

Serikali haiandiki vitabu vya kiada siku hizi. Huviandika wachapishaji binafsi, Wizara huvikagua, na mwanafunzi hupewa bure.

Je, wajua kwamba Uraia hufundishwa kupitia mvutano? Mtaala unawataka wanafunzi wapime kila suala kwa jozi mbili za mawazo: mgongano na maafikiano, ufanisi na haki. Kwa mfano, nani atumie uwanja wa shule, lini, na je, waliokosa wamesikilizwa? Mwishoni kila mmoja huandika ripoti yake kuhusu jamii iliyo bora zaidi.

Mwanafunzi humaliza sekondari ya chini akiwa na miaka 15, na haki ya kura haiko mbali. Tangu 2016, umri wa kupiga kura Japani ni miaka 18.