Hitilafu, kasoro na kiraka: msamiati wa kurekebisha maktaba za michoro

Kiswahili cha kompyuta kimejaaliwa maneno mengi ya kuitaja programu inayofanya kazi, na machache ya kuieleza ile iliyoharibika. Mfasiri akipewa orodha ya vitufe vya menyu huimaliza bila taabu: fungua, hifadhi, tengua, chapisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice katikati ya miaka ya 2000, ulionyesha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kuzungumza Kiswahili. Lakini mfasiri huyohuyo akipewa taarifa ya mafundi wanaorekebisha maktaba huria ya michoro, hukwama katika mstari wa kwanza. Je, wameondoa wadudu, dosari, ila, kasoro, makosa au hitilafu? Makala haya yanajaribu kuyatenganisha maneno hayo, kwa sababu kila moja lina kazi yake na fundi hunufaika yanapotumiwa kwa uangalifu.

Kwanza neno maktaba lenyewe. Kwa maana inayotuhusu, si nyumba ya vitabu bali ni mkusanyo wa msimbo ulioandikwa mara moja ili programu nyingi ziutumie. Maktaba ya libpng husoma na kuandika picha za PNG. FreeType huchora herufi kutoka katika faili za fonti. Cairo huchora mistari na maumbo. Zote tatu ni huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Kwa kuwa programu nyingi huegemea maktaba moja, hitilafu moja yaweza kuonekana katika programu mia, na rekebisho moja likaziponya zote. Katika tafsiri inafaa kuandika “maktaba ya msimbo” au “maktaba ya michoro” mara ya kwanza, kisha “maktaba” pekee.

Kiingereza huitaja kasoro ya programu kwa neno lenye maana ya mdudu. Wengi hukisimulia kisa cha nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947, wakidhani ndicho asili ya neno. Sivyo. Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa maana hiyo katika barua ya mwaka 1878, na waliombandika nondo yule katika daftari lao walikuwa wakifanya mzaha juu ya neno walilolijua tayari. Katika Kiswahili mzaha huo haupo. Mdudu kwetu, mbali na kiumbe chenyewe, ni uvimbe mchungu wa kidole, na vilevile ni tafsida ya maradhi yanayoambukiza. Msomaji akiambiwa programu ina mdudu atafikiri imeingiliwa na kirusi kutoka nje, ilhali tatizo limo ndani ya msimbo tangu ulipoandikwa. Kwa maoni yangu neno hilo liachwe katika mazungumzo ya vijana wa kompyuta, lisiingie katika maandishi rasmi.

Kosa ni tendo la mtu. Mwandishi wa programu amekosea kuandika alama ya kujumlisha mahali pa kutoa: hilo ni kosa, na kosa husahihishwa. Kasoro inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya upungufu, na kila asemaye “saa tatu kasorobo” anaihifadhi maana hiyo bila kujua: robo haijatimia. Basi kasoro ya maktaba ni kitu kinachokosekana, kwa mfano maktaba inayochora duara lakini haiwezi kuchora duaradufu. Dosari ni waa juu ya kitu kinachofanya kazi, kama ukingo wa herufi unaoonekana wenye meno badala ya kuwa laini. Ila iko karibu na dosari, ila (nalo ni neno jingine kabisa) mfasiri ataona haraka kwa nini haifai sana katika maandishi yanayotumia kiunganishi cha umbo hilohilo.

Limebaki hitilafu, na hili ndilo ninalolipendekeza liwe neno la jumla. Asili yake ni Kiarabu, tofauti au kutopatana. Hitilafu ya umeme, hitilafu ya mitambo, hata hitilafu baina ya ndugu wawili, zote zina wazo moja: vitu viwili vilivyopaswa kuafikiana havikuafikiana. Kwa programu, mambo mawili hayo ni kile kilichotarajiwa na kile kilichotokea. Tena neno hili linazidi kufaa tunapofika kwenye uhamishikaji, ambako tatizo zima ni tofauti kati ya mashine moja na nyingine.

Uhamishikaji ni uwezo wa msimbo kuhamishwa kutoka aina moja ya kompyuta au mfumo endeshi kwenda nyingine na kuendelea kutoa matokeo yaleyale. Wako waliopendekeza “ubebekaji”, lakini kubeba kunahusu uzito na mikono. Kompyuta mpakato inabebeka. Msimbo unahama. Mnyumbuliko wake ni wa kawaida: hama, hamisha, hamishika, kisha uhamishikaji.

Mfano mzuri wa hitilafu ya uhamishikaji tunao katika namna Waswahili walivyohesabu. Leo tunasema “ishirini na tano”, kumi zikitangulia. Wazee wa pwani walisema “hamsa wa ishirini” kwa mpangilio wa Kiarabu, mamoja yakitangulia. Idadi ni moja, mpangilio ni tofauti, na wasemaji wawili wataelewana maadamu kila mmoja anajua mwenzake anaanzia wapi. Kompyuta nazo zimegawanyika hivyo. Namba kubwa huhifadhiwa katika baiti kadhaa zinazofuatana. Baadhi ya mashine huweka baiti yenye thamani kubwa mbele, nyingine huweka ndogo. Prosesa za Intel na simu nyingi za leo huanza na ndogo. Kompyuta za zamani za Apple zenye prosesa ya PowerPC zilianza na kubwa. Danny Cohen, katika makala aliyoiandika mwaka 1980, aliyapa makundi haya majina yaliyotoka katika hadithi ya Gulliver, ambamo watu wanapigana vita juu ya upande upi wa yai la kuchemsha upasuliwe kwanza.

Sasa chukua picha ya PNG yenye upana wa pikseli 325. Muundo wa PNG unaagiza upana uandikwe kwa baiti nne, kubwa ikitangulia: 0, 0, 1, 69. Mara 256 moja na 69 ni 325. Mwandishi mzembe hunakili baiti hizo nne moja kwa moja na kuiambia mashine “hii ni namba”. Katika mashine inayoanza na kubwa atapata 325 na kufurahi. Katika mashine inayoanza na ndogo baiti zitasomwa kinyume, na upana utakuwa pikseli 1,157,693,440. Programu itaomba kumbukumbu ambayo kompyuta haina, kisha itajifunga.

Rekebisho la haraka ni kuweka sharti: kama mashine ni ya aina fulani, geuza baiti. Linafanya kazi mpaka ije mashine ambayo mwandishi hakuifikiria. Rekebisho lililo bora haliulizi kabisa mashine ni ya aina gani. Linachukua baiti ya kwanza mara 16,777,216, ya pili mara 65,536, ya tatu mara 256, na ya nne kama ilivyo, kisha linajumlisha. Hesabu hiyo ni sahihi popote, kwa sababu inafuata agizo la PNG badala ya tabia ya prosesa. Mwalimu wa somo la kompyuta atapata hapa somo zima katika mstari mmoja wa msimbo.

Rangi nazo huleta mgogoro huohuo. Cairo huhifadhi pikseli kama namba moja ya biti 32, kwa mpangilio wa mashine yenyewe. Maana yake, katika prosesa ya Intel baiti ya buluu hutangulia ya nyekundu. Ukiipa picha hiyo maktaba nyingine inayotarajia nyekundu itangulie, rangi hizo mbili zitabadilishana nafasi. Ichore hivyo bendera ya Zanzibar: mstari wa juu wa buluu utakuja mwekundu, mweusi utabaki mweusi, na wa kijani utabaki kijani. Fundi mzoefu akiona picha ambayo kijani na nyeusi ziko salama lakini bahari imegeuka rangi ya machungwa, hahitaji kuambiwa zaidi.

Mfasiri ajihadhari na kitenzi. Zamani kutengeneza kulimaanisha hasa kuweka sawa kilichoharibika, na maana hiyo ingalipo: fundi hutengeneza saa. Lakini leo kutengeneza pia ni kuunda kipya. Sentensi “Ametengeneza hitilafu tatu katika maktaba” inaweza kumsifu mtu au kumshitaki. Andika amerekebisha, na utakuwa umemwondolea msomaji shaka. Kosa husahihishwa, hitilafu hurekebishwa, dosari huondolewa, kasoro hukamilishwa.

Kipande cha msimbo kinachotumwa ili kurekebisha maktaba huitwa kiraka, na neno hili limekaa vizuri. Wapo wanaolikataa wakisema linanuka umaskini, nguo iliyoshonwashonwa. Hao hawasikilizi matangazo ya mpira: mchezaji kiraka ni yule anayeweza kucheza nafasi yoyote iliyopungukiwa, na makocha humthamini. Kwa wanaopenda lugha ya baharini kuna kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo kwa pamba iliyolowekwa mafuta ili maji yasiingie. Ningependa kulitumia kwa marekebisho ya usalama, yanayoziba upenyo kabla mtu mbaya hajaupata, ingawa sitarajii mabaraza ya lugha yanifuate.

Haya yote yanamhusuje mtu wa Mtambile, mji ulio kwenye barabara ya Chake Chake na Mkoani, Kusini Pemba? Yanamhusu kupitia maandishi. Mtoto wa huko hujifunza herufi mbili: za Kiarabu chuoni, za Kirumi skuli. Wazee wake waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, katika barua, hati na tungo, na yeyote anayetaka kuyaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta anazitegemea maktaba za michoro kuliko anavyodhani.

Chukua jina la mji wenyewe, ambalo namna mojawapo ya kuliandika ni متامبيلي. Lina herufi ya ye mara mbili. Ya kwanza iko katikati na imeungana na jirani zake pande zote. Ya pili iko mwisho na ina mkia. Katika faili la kompyuta zote mbili ni alama moja, yenye namba moja ya Unikodi. Kuchagua umbo linalofaa mahali pake ni kazi ya maktaba. Ile isiyojua kazi hiyo itachora herufi nane zilizotengana, pengine kuanzia kushoto, na msomaji wa chuoni atatambua papo hapo kwamba kilicho mbele yake si neno. Maktaba huria inayofanya kazi hii katika Firefox, Chrome, LibreOffice na Android inaitwa HarfBuzz. Jina hilo ni la Kiajemi, nalo ni tafsiri ya OpenType, muundo wa fonti. Sehemu yake ya kwanza ni ileile iliyotupa Waswahili neno herufi, na ya pili ina maana ya wazi.

Kiswahili kinahitaji pia herufi ambazo Kiarabu hakina, kama پ kwa p, چ kwa ch na ڤ kwa v. Hapa hitilafu na kasoro huachana kabisa. Ikiwa fonti haina چ, msomaji ataona kisanduku kitupu: hiyo ni kasoro ya fonti, na kumlalamikia mwenye maktaba ni kumwonea. Ikiwa fonti inayo lakini herufi haikuungana na jirani yake, hitilafu inaweza kuwa ya maktaba. Kwa herufi za Kirumi mtihani wetu mdogo ni ng'. Kibainishi chake ni sehemu ya neno, lakini programu zisizofuata kanuni za Unikodi za mipaka ya maneno hukidhani alama ya nukuu, zikakata ng'ombe vipande viwili na kukiwekea cha pili mstari mwekundu wa kosa la tahajia.

Anayeripoti hitilafu kwa Kiswahili, au anayefasiri ripoti, atofautishe vitenzi. Programu imejifunga ikiwa dirisha limetoweka lenyewe. Imeganda ikiwa dirisha lipo lakini haliitikii. Imekwama ikiwa kazi moja haiendelei, huku nyingine zikiendelea. “Haifanyi kazi” haimwambii fundi lolote. Ripoti yenye manufaa hutaja mfumo endeshi, toleo la maktaba, hatua za kuirudia hitilafu, kilichotarajiwa na kilichotokea, hivi: “Nilifungua faili lenye neno متامبيلي katika toleo la simu. Nilitarajia herufi ziungane kama zinavyoungana katika kompyuta ya mezani, kwa fonti ileile. Katika simu zimetengana zote nane. Programu haikujifunga wala haikuganda. Nimeambatisha faili lenye neno hilo moja tu, pamoja na picha mbili za skrini.”