Hoki ya Watoto Juu ya Barafu

Hapa Msalato barafu twaijua zaidi kwa mvua ya mawe, nayo huyeyuka kabla mtoto hajaifikisha mdomoni. Lakini huko Quebec, nchi ya Kanada, tangu mwaka 1960 watoto hushindana kucheza hoki juu ya barafu, kwa desturi mwezi wa Februari. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini, na badala ya mpira hupiga kwa fimbo kisahani kigumu cha raba. Timu hutoka nchi nyingi, na watoto wageni hulala katika nyumba za wenyeji.

Sasa njoo karibu. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya nyumba. Vijana wakajifunza humo, wakaunda timu ya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Uwanja ulikuwa mdogo, lakini shida hasa ni kwamba hawakuwa na wa kushindana naye! Miaka ikapita wakigawana wenyewe kwa wenyewe, kama vijana wetu timu ya jirani isipotokea: hawa wenye shati, hawa vifua wazi.

Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakapata wapinzani kwa mara ya kwanza. Tena mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi ya Kenya, wakacheza upande wao. Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Labda siku moja mtoto wa Nairobi atalala katika nyumba ya Quebec, akiuliza kama kuna ugali.